Je, Wajua? Miti ya Koala Imejaa Gusii, Koala Mwenyewe Hayupo

Toka Nyansiongo hadi Nyamarambe, vilima vya Kisii na Nyamira vimevaa chai, ndizi na mikaratusi. Mkaratusi ndio nguzo ya stima, boriti ya nyumba na kuni za viwanda vya chai. Kwao ni Australia, na huko una mnyama anayeishi juu yake, akila majani yake. Mnyama huyo, koala, ni wa kundi linaloitwa marsupialia, yaani wanyama wanaozaa watoto wachanga mno na, wengi wao, kuwalelea ndani ya mfuko wa ngozi tumboni. Afrika nzima haina hata mmoja wao anayeishi porini leo. Ila ukiwachunguza vizuri, utagundua kwamba mambo yao yanagusa shamba la Gusii kuliko unavyodhani.

1. Je, wajua kuwa Gusii ni bustani ya miti ya Australia?

Mikaratusi ilianza kuletwa Kenya mwaka 1902 ili kupata kuni za injini za mvuke za Reli ya Uganda. Baadaye ikapanda nyanda za juu, na leo viwanda vya chai huichoma kuzalisha mvuke wa kunyausha na kukausha majani. Nayo haikuja peke yake. Mgrevilea unaopandwa mpakani mwa mashamba ni wa Australia. Mwati, uliosambazwa enzi za ukoloni kwa sababu ya magome yake ya kutengenezea ngozi, ni wa Australia. Hata makadamia, ambayo wakulima wengi wa Kisii na Nyamira wameikumbatia kama zao la biashara, asili yake ni misitu ya mashariki mwa Australia.

Kwao, miti hii ina walaji na wageni wake: wapo wanaotafuna majani, wapo wanaolamba asali ya maua, na wapo wanaokwangua utomvu kwenye magome. Wengi wao ni wanyama wa mfuko. Sisi tulichukua miti, wao wakabaki ng'ambo ya bahari.

2. Je, wajua kuwa jani la mkaratusi ni sumu?

Mpe ng'ombe wako majani ya mkaratusi uone kama atayagusa. Yana mafuta makali na kemikali zinazoumiza ini, na chakula kilichomo ni kidogo. Koala huyala na kuyategemea maisha yake yote. Ini lake lina uwezo mkubwa wa kuvunja sumu hizo, na sehemu ya utumbo wake inayochachusha majani hufikia urefu wa karibu mita mbili, ilhali yeye mwenyewe hana hata mita moja. Kwa kuwa chakula hicho humpa nguvu kidogo, koala hulala au kupumzika hadi saa 20 kwa siku.

Koala pia ni mchaguzi. Zipo spishi zaidi ya 700 za mkaratusi, naye hula chache tu kati ya hizo katika kila eneo. Mojawapo anayoipenda ni Eucalyptus camaldulensis, ambayo hupandwa Kenya pia.

Mtoto wa koala hazaliwi na vijidudu vya tumboni vya kumeng'enya majani hayo. Anapokaribia kuacha maziwa, mama humtolea kinyesi laini cha aina ya pekee kutoka utumboni, naye hukila na kupata vijidudu hivyo. Bila hatua hiyo, majani yangemshinda.

Februari 2022, serikali ya Australia ilimtangaza koala kuwa mnyama aliye hatarini kutoweka katika majimbo ya Queensland na New South Wales na katika eneo la mji mkuu. Sababu kubwa ni ukataji wa misitu, moto na magonjwa. Yaani mti umeenea duniani kote, na mlaji wake anapungua nyumbani kwao.

3. Je, wajua kuwa kangaruu huzaliwa akiwa na uzito usiofika gramu moja?

Ndama wa Friesian hukaa tumboni kwa siku 280 hivi, na saa chache baada ya kuzaliwa amesimama akitafuta kiwele. Kangaruu mwekundu, aliye mkubwa kuliko wanyama wote wa mfuko, huzaa baada ya siku 33 tu.

Siku hiyo ikifika, mama hukaa chini, mkia ameupitisha mbele katikati ya miguu, na kuanza kuramba mfuko wake hadi uwe safi. Kisha hutoka kitu chekundu kisicho na manyoya, ukubwa wa punje ya harage. Hakina macho yaliyofunguka wala masikio, na miguu ya nyuma ni vinundu vya nyama tu. Kilichokamilika ni mikono miwili ya mbele yenye kucha, pua na mdomo. Kwa mikono hiyo mtoto huanza kupanda manyoya ya tumbo la mama, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, akifuata harufu. Mama hamshiki wala hamsukumi. Baada ya dakika chache amefika, ameingia mfukoni na kupata chuchu moja kati ya nne. Akishaidaka, chuchu huvimba ndani ya mdomo wake hata asiweze kuiachia kwa urahisi. Hapo atakaa ameshikamana nayo kwa zaidi ya miezi miwili, na hatauhama mfuko kabisa hadi afikishe umri wa miezi minane hivi.

4. Je, wajua kuwa mama mmoja anaweza kulea watatu wa rika tofauti kwa wakati mmoja?

Siku moja au mbili baada ya kuzaa, kangaruu jike hupata mimba nyingine. Mimba hiyo hukua hadi kufikia seli mia moja hivi, halafu husimama kabisa, ikisubiri mfuko uwe wazi. Kwa hiyo unaweza kumkuta mama ana mtoto mkubwa anayekimbia nje na kurudi kunyonya, mchanga aliyeshikamana na chuchu ndani ya mfuko, na mimba iliyolala tumboni.

Ajabu zaidi ni maziwa. Chuchu ya mtoto mkubwa hutoa maziwa yenye mafuta mengi, na ile ya mchanga hutoa maziwa mepesi, zote kwa siku hiyohiyo na kutoka kwa mama yuleyule. Ukame ukizidi na malisho yakiisha, uzazi husimama hadi mvua inyeshe.

5. Je, wajua kuwa si kila mnyama wa mfuko ana mfuko?

Spishi za marsupialia zinazoishi leo ni zaidi ya 330. Walio wengi wako Australia, Guinea Mpya na visiwa vya jirani, lakini zaidi ya 100 wako Amerika ya Kusini na ya Kati. Kaskazini mwa Meksiko yuko mmoja tu, oposamu wa Virginia.

Kinachowaunganisha wote hawa ni uzazi wa mapema. Mfuko ni jambo linalobadilika. Kangaruu mfuko wake hufungukia juu, kwa kuwa yeye huruka wima. Wombati, anayechimba mashimo, mfuko wake hufungukia nyuma, hivyo udongo haumwagikii mtoto. Oposamu wa majini wa Amerika ana misuli ya kuubana mfuko hata maji yasiingie anapozamia kuwinda samaki, na dume wake naye ana mfuko, wa kukingia viungo vya uzazi. Numbati, mla mchwa wa Australia, hana mfuko kabisa. Watoto wake huning'inia kwenye chuchu wakifichwa na manyoya ya mama tu.

6. Je, wajua kuwa Afrika iliwahi kuwa na wanyama wa mfuko?

Kusini magharibi mwa Cairo kuna bonde la Fayum, maarufu duniani kwa visukuku. Huko wataalamu walichimbua mabaki ya mnyama mdogo wa mfuko waliyempa jina Peratherium africanum, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita. Ukoo wake ulitoweka, wala hakuna aliyeurithi.

Australia nayo iliwapataje? Zamani sana, Amerika ya Kusini, Antaktika na Australia zilikuwa zimeungana, na Antaktika ilikuwa na misitu. Wanyama hao walipitia huko. Mwaka 1982 watafiti walitangaza kuwa wamepata kisukuku cha mnyama wa mfuko katika kisiwa cha Seymour, Antaktika, na njia hiyo ikathibitika. Baadaye Australia ilimeguka ikabaki peke yake baharini, na wenyeji wake wakatawanyika katika kila aina ya kazi ambayo kwingineko hufanywa na wanyama wengine.

7. Je, wajua kuwa kila kazi yao ina mfanyakazi wake huku kwetu?

Anza na fuko, adui wa viazi vitamu na migomba katika mashamba ya Kisii, ambaye wakulima huwalipa watu wa kumtega. Fuko wetu ni jamaa wa panya: ana meno marefu ya mbele na hula mizizi. Huko jangwani Australia yuko fuko wa mfuko, kipofu kabisa, anayepiga mbizi mchangani akitafuta mabuu. Hawana undugu wa karibu. Wote wawili wameumbika wanene, wafupi, kwa sababu maisha ya chini ya ardhi yanadai hivyo.

Ukivuka mpaka kuingia nyanda za Narok usiku, unaweza kumwona kamandegere akiruka kwa miguu miwili ya nyuma, mikono mifupi ameikunja kifuani na mkia mrefu ukimsawazisha. Mgeni akimwona mwangani mwa taa za gari huapa kuwa ni kangaruu mdogo. Kamandegere pia ni wa ukoo wa panya, na hana mfuko.

Komba hukwangua utomvu wa miti ya jamii ya akasia usiku. Australia kazi hiyohiyo hufanywa na posamu wadogo wanaoruka kutoka mti hadi mti kwa utando wa ngozi ulio kati ya mikono na miguu. Mwati wetu, ambao ni akasia, ni miongoni mwa miti wanayoikwangua huko kwao.

Na mchwa je? Numbati hula hadi mchwa 20,000 kwa siku kwa ulimi wake mrefu. Huku kwetu kazi hiyo ni ya muhanga na kakakuona.

8. Je, wajua kuwa panya wa Morogoro mwenye mifuko amepewa nishani ya dhahabu?

Panya buku wa Afrika ana mifuko miwili, lakini iko mashavuni. Huijaza nafaka na karanga na kukimbilia shimoni kuhifadhi. Watoto hawaingii humo, kwa hiyo yeye si marsupialia hata kidogo.

Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, shirika la APOPO huwafundisha panya hao kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipelekwa Kambodia na kugundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimtunuku nishani ya dhahabu, akiwa panya wa kwanza kuipata. Alistaafu mwaka 2021 na kufa Januari 2022.

9. Mengine ya harakaharaka

Mkia wa kangaruu ni mguu wa tano. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba kangaruu mwekundu anapotembea polepole, mkia humsukuma mbele kwa nguvu isiyopungua ile ya miguu mingine yote kwa pamoja.

Wombati hunya kinyesi chenye pembe, mraba kila upande. Sehemu za utumbo wake hazilingani kwa ugumu, na hilo ndilo linaloukata mraba huo. Waliolichunguza jambo hili walipewa tuzo ya Ig Nobel ya fizikia mwaka 2019.

Oposamu wa Virginia akibanwa na adui huanguka chini, ulimi nje, akitoa harufu mbaya. Haigizi kwa hiari yake; mwili hujizima wenyewe, na anaweza kukaa hivyo kwa saa kadhaa.

Shetani wa Tasmania huzaa watoto 20 hadi 30 kwa mkupuo, naye ana chuchu nne tu. Wanne wa kwanza kufika ndio wanaoishi. Tangu mwaka 1996 wanyama hawa wamekuwa wakifa kwa saratani ya uso inayoambukizwa kwa kuumana, jambo ambalo ni nadra sana katika saratani.

Dume la antekainasi, mnyama mdogo afananaye na panya, hupandana kwa wiki mbili au tatu mfululizo, kisha kinga ya mwili wake huporomoka, naye hufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Madume wote wa eneo moja hufa katika msimu huohuo.

Posamu wa asali ana uzito wa gramu 10 hivi, na chakula chake ni asali na chavua za maua tu, ya mikaratusi yakiwemo. Mtoto wake huzaliwa na uzito usiofika miligramu 5, mdogo kuliko mtoto wa mamalia mwingine yeyote anayejulikana.

10. Je, wajua kuwa nchi moja ililetewa mnyama wa mfuko ikajuta?

Huenda msomaji wa Nyamira akajiuliza: mbona tusilete koala waje wapunguze mikaratusi? Jibu liko New Zealand. Kuanzia mwaka 1837 walowezi walipeleka huko posamu kutoka Australia ili kuanzisha biashara ya manyoya. Kwao Australia posamu huyo ana maadui na mimea inayojikinga dhidi yake. New Zealand hakukuwa na hayo. Walizaana wakafika makumi ya mamilioni, wakala misitu na mayai ya ndege, na kibaya zaidi kwa wafugaji, wakasambaza kifua kikuu cha ng'ombe. Hadi leo serikali hutumia pesa nyingi kuwaangamiza.

Tatizo letu la mikaratusi linatatuliwa kwa panga na kwa mipango. Mti huu hunywa maji mengi, na ukipandwa bondeni hukausha chemchemi. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza uondolewe kando ya mito na kwenye vyanzo vya maji. Mkaratusi una faida yake mlimani. Kando ya Mto Gucha na vijito vyake ni afadhali mkuyu au mianzi.

11. Je, wajua kuwa sheria inaweza kuja siku 59 kabla ya mwisho?

Thailasini alikuwa mnyama wa mfuko mwenye umbo la mbwa na milia mgongoni. Serikali ya Tasmania ililipa zawadi kwa kila aliyemuua, kuanzia mwaka 1888 hadi 1909, ikimlaumu kwa kuua kondoo. Julai 10, 1936 sheria ya kumlinda ikapitishwa. Septemba 7 mwaka huohuo, wa mwisho kujulikana alikufa katika bustani ya wanyama ya Hobart.

Gusii nayo inaelewa hadithi ya aina hii. Ababasi hujitambulisha kwa punda milia na Abanchari kwa kiboko. Koo hizo zimestawi, lakini leo mtoto wa Bobasi humwona punda milia akisafiri hadi Mara, au akinunua kinyago cha jiwe la Tabaka.

Bado yupo mmoja tunayeweza kumwahi. Katika msitu wa Nyakweri, Trans Mara, jirani kabisa na Kisii, wanaishi kakakuona wakubwa wachache, wenye uzito unaoweza kupita kilo 30, ambao kwa miaka mingi walidhaniwa wametoweka Kenya. Ndio wanaofanya kule kazi ya numbati: kula mchwa. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati na humbeba juu ya shina la mkia wake. Hatari kubwa kwao ni ukataji wa msitu na nyaya za umeme za uzio, kwa sababu kakakuona akiguswa na umeme hujiviringisha kwenye waya badala ya kukimbia, na hufia hapohapo. Biashara ya kimataifa ya kakakuona wa aina zote imepigwa marufuku na mkataba wa CITES tangu 2017.

Kwa hiyo, ewe msomaji wa Gusii mwenye shamba au jamaa upande wa Trans Mara: kama una uzio wa umeme, inua waya wa chini kabisa au uuzime. Ukimkuta kakakuona, usimshike wala usimuuze. Waarifu maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) walio karibu nawe, kisha mwache aende zake.